Daftari la Leander Wangler

Mpango ulikuwa na kurasa mia mbili na kumi na nne,
jalada la buluu, nembo ya jimbo, saini ya gavana,
na ukurasa wa tatu, kwa wino mzito:
Lengo letu ni sifuri.
Marlys Tveit aliutua mezani pangu Jumatatu asubuhi.
"Maneno hayo," akasema. "Sasa katafute lami."

Mpango si matumizi.
Sifuri haipakiwi kwenye lori,
haikatiwi risiti.
Nilichopewa ni mashine moja ya kuchonga,
vijana wanne, mmoja akikohoa tangu Agosti,
na maili kumi na tisa za Barabara ya 91,
iliyonyooka kama uzi wa mwashi
katikati ya Dakota Kaskazini.

Barabara iliyonyooka hulaza watu.
Haina kona ya kukuuliza unakwenda wapi.
Alizeti kushoto, alizeti kulia,
na saa kumi alfajiri wanaume wa visima vya mafuta
wanarudi kutoka zamu, hita imewashwa,
kidevu kinashuka kifuani
polepole.

Basi tukachonga.
Vijishimo vyenye upana wa kiganja,
kimoja, kingine, kingine,
pembezoni mwa mstari mweupe,
ili gurudumu likipotea njia
lami yenyewe ipige kelele.

Novemba ikaja barua ya malalamiko.

Leander Wangler, miaka sabini na minane,
nyumba ya mbao hatua sitini kutoka barabarani.
Alinimiminia kahawa nyepesi, hakuniuliza sukari.
"Tangu mchonge, silali," akasema.
"Usiku kucha inanguruma kama ng'ombe aliyekwama zizini."
Akanisukumia daftari lake la mauzo ya ndama.
Nyuma ya bei za ndama alikuwa amenakili ushahidi:
tarehe, saa, upande.
Oktoba 12, saa tisa na dakika arobaini, mashariki. Fupi.
Oktoba 12, saa kumi na moja kasoro, mashariki. Ndefu.
Oktoba 14, mara mbili.
Nilihesabu arobaini na moja.

Mfukoni nilikuwa na fomu ya kuziba
futi mia sita mbele ya makazi ya mtu.
Kanuni inaruhusu. Kalamu ilikuwa tayari.
Nikamweleza tu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu,
kwamba kila mngurumo ni mtu aliyesinzia,
au aliyeinamia simu.
"Halafu?"
"Halafu anashtuka. Anarudi njiani."

Akatazama dirishani.
Ng'ambo ya barabara, mtaroni,
msalaba mweupe umeegemea upepo:
mtoto wa akina Eberle, miaka kumi na tisa,
majira ya kuchipua ya mwaka juzi.
"Mimi ndiye niliyemkuta," akasema,
"asubuhi, nikienda kulisha ndama.
Usiku ule sikusikia kitu.
Nililala vizuri mno usiku ule."

Kahawa ikapoa.
Hakuitia saini fomu, wala hakuichana.
Aliiweka chini ya kopo la chumvi
akasema bado anataka usingizi wake,
nisidhani amelainika.

Ripoti yetu ya mwaka ina safu ya waliokufa,
safu ya waliojeruhiwa,
safu ya mikanda, ya pombe, ya kulungu.
Haina safu ya waliozinduka.

Februari bahasha ikafika, ndani nakala za kurasa sita,
mwandiko uleule uliolala upande.
Marlys akauliza niziweke jalada gani.
Bado ziko kwenye droo yangu, chini ya glovu.
Mstari wa mwisho unasema:

Saa kumi na dakika kumi, magharibi. Ndefu sana.
Kisha kimya.
Nikavaa buti, nikatoka na tochi.
Theluji tu, na alama za magurudumu
zikigusa ukingo wa mtaro,
zikirudi.